Kisangani: karatasi iliyobandikwa kando ya kompyuta ya redio

Katika studio moja ndogo ya Kisangani, umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ya matangazo inawaka vizuri lakini pengine sauti haifiki mitamboni. Ina kadi mbili za sauti: moja ya ndani, nyingine ya USB iliyounganishwa na mikisa. Linux huzipa namba kwa kadiri zinavyotangulia kuonekana. Ya ndani ikitangulia, wimbo unasikika studioni na hewani ni kimya.

Kimya hicho si jambo dogo. Tangu mapigano ya Wambole na Walengola kuanza Lubunga mwaka 2023, familia nyingi zimevuka mto, na wengine walipotezana njiani. Matangazo ya kutafuta ndugu ni ya dakika chache tu. Mama anayengoja jina la mtoto wake akilikosa asubuhi, atangoje kesho.

Fundi wa studio alifungua maelezo ya modprobe, programu inayoingiza moduli kwenye kerneli ili mashine itambue vifaa. Kila herufi imeelezwa: -r ya kuondoa moduli, -n ya kujaribu bila kutenda, -v ya kuonyesha kinachotendeka. Yote ni kweli. Lakini fundi aliyesimamiwa na mtangazaji hatafuti maana ya herufi, anatafuta pa kuanzia. Tena ni Kiingereza, na yeye alisoma kwa Kifaransa.

Kilichomtesa zaidi: modprobe ikifaulu haisemi neno. Aliiandika mara tatu akidhani imegoma. Kumbe moduli ilikuwa ndani tangu mwanzo, shida ilikuwa namba. Dawa ilikuwa mistari miwili katika faili ndani ya /etc/modprobe.d:

options snd_usb_audio index=0
options snd_hda_intel index=1

Akaandika karatasi kwa Kiswahili. Inaanza hivi: usiguse modprobe kwanza, andika cat /proc/asound/cards uone kadi zipo na zina namba gani. USB isipoonekana, kagua waya. Ikionekana na namba 1, kagua ile mistari miwili, kisha washa kompyuta upya. Aliongeza kwamba kistari cha katikati na cha chini katika jina la moduli ni sawa kwa modprobe, maana mtu anaweza kumaliza saa nzima akisahihisha kosa ambalo halipo. Na onyo: neno blacklist halifungi mlango wote. Moduli iliyoandikwa hapo bado inaingia ikiitwa kwa jina lake, au moduli nyingine ikiihitaji.

Kompyuta ilipobadilishwa, fundi alikuwa Mangobo. Mtangazaji akaifuata karatasi peke yake, akakwama kwenye sudo: aliandika neno la siri, skrini haikuonyesha hata nukta, akadhani kibodi imekufa. Matangazo ya ndugu yalichelewa siku hiyo. Fundi aliporudi akaongeza kwa kalamu nyekundu: "Neno la siri halionekani. Endelea kuandika, kisha bonyeza Enter."