Kadi Bila Sindano

Reading, Uingereza



Wiki hii nina hasira, na mniruhusu niitoe. Mtoto wa kaka yangu, dereva wa malori, amepata kazi ya kupeleka mizigo Lubumbashi, Kongo. Nikampigia simu kumpongeza. Katika kuulizana habari za safari nikamuuliza kama ameshachanjwa homa ya manjano. "Shangazi, kadi ninayo, nimeletewa jana hapa hapa gereji." Kadi ameletewa. Sindano je? Akacheka. Akaniambia kwamba pale mipakani, Tunduma na Kasumbalesa, mkaguzi anataka kuona kadi, hafunui mtu mkono.

Kijana huyu ni mwerevu, na ninajua hayuko peke yake. Nyumbani Tanzania kadi ya njano ya chanjo tumeigeuza kibali cha njia, kama ilivyokuwa stika ya bima kwenye kioo cha gari: ulikuwa unalipa, unabandika, unapita. Lakini mbu hakagui kadi. Homa ya manjano haina dawa ya kuiponya. Wengi hupata homa na kupona. Wachache huingia hatua ya pili ya ugonjwa, ini na figo zikaharibika, macho yakawa manjano, damu ikatoka. Kati ya hao, nusu hivi hufa ndani ya siku 7 hadi 10. Na chanjo yake ni sindano moja tu, moja ya maisha. Zamani kadi ilikuwa inaisha baada ya miaka 10. Tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani limeondoa ukomo huo. Ukichomwa leo umemaliza, hadi uzeeni. Sasa mtu analipia karatasi ya nini, wakati kitu chenyewe anakifanya mara moja tu?

Niwaeleze wenyeji wa huku wanavyofanya. Mzee mstaafu wa hapa akitaka kuja kuona nyumbu Serengeti na kupumzika Zanzibar, safari ikiwa Julai, Mei ameshaweka miadi na muuguzi wa chanjo za wasafiri. Kliniki hizo ziko hata ndani ya maduka makubwa ya dawa. Ushauri wao ni kwenda wiki 6 hadi 8 kabla ya safari. Muuguzi anamkalisha na kumuuliza maswali: utafika mikoa gani, utalala hotelini au hemani, unatumia dawa gani, una mzio wa mayai, umewahi kuwa na ugonjwa wa tezi ya thaimasi, kinga yako ya mwili ikoje? Wanawake huulizwa kama ni wajawazito. Kila swali lina sababu. Chanjo ya homa ya manjano imetengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo mwenye kinga iliyoshuka sana hapaswi kuipata, na aliyepita miaka 60 anapimiwa kwanza faida na hatari. Muuza kadi wa gereji hajui lolote kati ya hayo, wala haulizi.

Na msidhani kila kitu huku ni bure. Chanjo ya homa ya matumbo na ya homa ya ini aina ya A mara nyingi hutolewa bila malipo na huduma ya afya ya serikali. Ya homa ya manjano, pamoja na vidonge vya kuzuia malaria, mtu analipa mwenyewe, na bei inauma. Mzee analipa anachohitaji. Anajiandaa miezi miwili kwa likizo ya wiki mbili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi si watu wa kudharau chanjo. Mama wa Tanga anaweza kupoteza kitambulisho cha taifa, lakini kadi ya kliniki ya mtoto iko ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro, haina hata kunyanzi. Anaamka alfajiri, anapanga foleni, mtoto anachomwa, analia, wanarudi nyumbani. Surua, pepopunda, polio, zote anazijua kwa tarehe zake. Wapo wazazi huku Ulaya wanaobishana kuhusu chanjo ya surua hadi ugonjwa unarudi mashuleni, na mimi hujivunia mama zetu mbele yao. Kisha mtoto huyo huyo akikua, akapata pasi ya kusafiria, tunamwacha anunue muhuri.

Mmesahau Angola? Mlipuko ulianzia Luanda mwishoni mwa 2015, na mwaka 2016 ukavuka hadi Kongo. Wafanyakazi 11 wa Kichina waliupata ugonjwa Angola wakaupandisha ndege hadi China, katika bara la Asia lililokuwa halijawahi kuwa na homa hiyo. Kenya nayo ikapokea wagonjwa waliotoka Angola hiyo hiyo. Chanjo zilipungua duniani kiasi kwamba Kinshasa, Agosti ya mwaka huo, watu walichanjwa kwa sehemu moja ya tano ya dozi ili zitoshe. Watu walipanga foleni kutafuta ile sindano ambayo mpwa wangu anaikwepa kwa kulipia kadi.

Nasi tulioko huku nitusemee, maana Desemba inakuja na tiketi zinanunuliwa. Mtu ameishi Ulaya miaka mingi, anakwenda nyumbani bila kidonge kimoja cha malaria. Anaamini aliyezaliwa Muheza haumwi na mbu wa Muheza. Kinga ile ilijengwa na kuumwa mara kwa mara, na ukikaa mbali inapungua. Watoto waliozaliwa huku hawakuwahi kuwa nayo hata kidogo. Mwaka 2023 Uingereza ilipata wagonjwa wa malaria zaidi ya 2,000, idadi ambayo haikuwa imeonekana kwa zaidi ya miaka 20, na wengi wanaougua huku si watalii. Ni watu waliokwenda kusalimia ndugu. Nanyi mlioko nyumbani mna sehemu yenu. Mgeni akimeza kidonge mezani mnamcheka: "Jamani, umekuwa mzungu!" Acheni. Kijana wa miaka 16 akichekwa mbele ya binamu zake, kesho hamezi tena.

Basi shikeni haya. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe katika kituo kilichoidhinishwa, angalau siku 10 kabla ya kuvuka, kwani cheti huanza kutambuliwa siku ya 10. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasi, na tarehe, saini na muhuri viwepo kabla hujaondoka kituoni. Mtoto wa chini ya miezi 9 kwa kawaida hachanjwi, kwa hiyo mshauriane na daktari kabla ya kukata tiketi yake. Anayekuja Tanzania moja kwa moja kutoka Ulaya hadaiwi kadi hiyo, ila akikaa Nairobi au Addis Ababa zaidi ya saa 12 atadaiwa. Mahujaji, chanjo ya homa ya uti wa mgongo nayo ina siku zake 10 kabla ya kufika Saudi Arabia, na msiione usumbufu: mwaka 2000 homa hiyo ilirudi na mahujaji hadi Ulaya. Vidonge vya malaria vinatofautiana. Vingine unaendelea navyo siku 7 baada ya kurudi, vingine wiki 4, na anayeacha akishuka tu uwanja wa ndege hajajikinga. Chandarua kifungwe kabla mgeni hajafika.

La mwisho ni la wazazi wetu, ambao simu zao tunazitii kuliko za daktari. Mwanao akirudi Ulaya akakupigia kwamba ana homa, iwe wiki ya pili au mwezi wa tatu, usimwambie ni uchovu wa safari, wala usimwelekeze kwenye dawa ya mseto ya malaria aliyobeba sandukuni. Mwambie aende hospitali usiku huo huo, na neno la kwanza analomwambia daktari liwe kwamba alikuwa Tanzania, kisha adai kipimo cha malaria. Madaktari wa huku wanaona mafua kila siku, na asipowaambia alikotoka wanaweza kudhani ni hayo hayo.

Wenu,
Shangazi