Kwa Trela Dogo, Kutoka Thelujini Hadi Jangwani

Katika miji ya kaskazini ya Marekani, mwezi wa Januari si mwezi wa safari. Maziwa huganda kwa barafu nene hata watu wakapitisha motokaa juu yake, wakatoboa matundu na kuvua samaki. Katika Minneapolis, mji mkubwa kuliko yote ya jimbo la Minnesota, wastani wa baridi ya usiku ni kama digrii 9 za Fahrenheit, na ijulikane kuwa maji huganda kwa digrii 32. Hata hivyo, katika baridi hiyo hiyo wako watu wafungao matrela yao nyuma ya motokaa na kushika njia ya kusini kulifuata jua. Wenyeji huwaita "ndege wa theluji", kwa kuwa huhama na kurudi kwa majira.

Si wote waendao kwa kujifurahisha. Wako matajiri wenye magari makubwa kama mabasi, yenye vitanda na bafu ndani, ambao wameacha nyumba nzuri nyuma yao. Lakini wako na wengine, ambao baada ya taabu ya fedha ya mwaka wa 2008 walipoteza nyumba au akiba, na pensheni yao haitoshi kulipa kodi ya chumba mjini. Habari zao ziliandikwa na Jessica Bruder katika kitabu Nomadland, kilichotolewa mwaka wa 2017, na senema iliyotokana nacho ilipata tuzo kubwa ya Oscar mwaka wa 2021. Watu hao hufuata kazi za majira. Wakati wa joto hutunza viwanja vya kambi; mwezi wa Oktoba huenda bonde la Mto Red, mpakani mwa Minnesota na North Dakota, kupokea mavuno ya biti, yaani mizizi ambayo hutengenezwa sukari. Njiani mtu hawezi kumtambua kwa mbali huyu na yule. Trela ni trela, na upepo hauulizi nani anastarehe na nani amebeba nyumba yake yote.

Mfano wa hao wa pili ni mjane mwenye miaka zaidi ya sitini, ambaye amemaliza kazi ya biti, akala Krismasi kwa binti yake mjini, na sasa hataki kuwa mzigo katika nyumba ndogo yenye watoto. Ana pikapu kuukuu na trela la futi 13. Matrela ya namna hiyo hutengenezwa katika Minnesota hiyo hiyo, katika mji mdogo wa Backus, tangu miaka ya 1970. Ni ya faibaglasi, na umbo lake ni la yai. Mfano wake wa kwanza ulitoka Winnipeg, Canada, mwaka wa 1968, na aliyeubuni, Ray Olecko, alikuwa amejifunza kazi ya faibaglasi katika matangi ya maji machafu. Jambo ambalo wenye matrela hayo hawaoni haya kulisimulia. Ndani mna kitanda, meza, jiko la gesi na kabati, na mtu mmoja akisimama katikati aweza kugusa karibu kila kitu alicho nacho duniani.

Kabla ya kuondoka hapana budi mabomba ya maji yakaushwe, la sivyo barafu itayapasua usiku wa kwanza. Kisha hutiwa ndani yake maji ya dawa yenye rangi ya waridi, yasiyoganda upesi. Maana yake ni kwamba msafiri ana mfereji asioweza kuufungua. Maji ya kunywa huyachukua katika madebe ndani ya pikapu, karibu na joto la injini, na huoga kwa beseni.

Jambo la pili ni kupanga mizigo. Trela lina sheria moja isiyo na huruma: uzito unaoegemea kiungo cha mbele uwe sehemu 10 mpaka 15 katika kila 100 za uzito wote. Trela la ratili 1,500, basi, liegemee kwa ratili 150 na kitu. Mtu akiweka vyombo vizito nyuma, trela huanza kuyumba mkia, kidogo kidogo, halafu kwa nguvu, mpaka linaivuta motokaa nje ya njia. Na likianza kuyumba, mguu hutaka kukanyaga breki, nalo ndilo kosa. Dawa ni kuachilia mafuta taratibu, kushika usukani sawasawa, na kuvuta kwa mkono breki za trela peke yake, kama linazo.

Njia ni zile kubwa zilizoanza kujengwa kwa sheria ya mwaka wa 1956, wakati wa Rais Eisenhower. Namba zake zimepangwa kwa akili: za shufwa huenda mashariki na magharibi, na za witiri huenda kaskazini na kusini. Mama huyu hushika namba 35 kwenda kusini hadi Oklahoma City, kisha namba 40 kwenda magharibi hadi Flagstaff katika jimbo la Arizona, kisha namba 17 kushuka Phoenix, na mwisho namba 10 hadi Quartzsite, karibu na mpaka wa California. Jumla ni karibu maili 1,900.

Siku ya kwanza hufika Des Moines, maili 240 hivi, na hiyo yatosha. Njia imemwagwa chumvi ili barafu iyeyuke, na magari ya kusukuma theluji hupita yakimulika taa. Mahali pa kuogopwa ni madarajani. Daraja huganda kabla ya njia, kwa sababu upepo wa baridi hulipita juu na chini, wala halina ardhi ya kulitunzia joto. Dereva aweza kutoka juu ya lami kavu akaingia juu ya kioo bila kuona tofauti yoyote kwa macho.

Viwanja vingi vya kambi hufungwa wakati huo, au hufunga maji yake, kwa hiyo usiku hulala katika vituo vya malori. Malori huwasha injini usiku kucha, na ngurumo hiyo, ambayo wakati wa joto ingekuwa adha, katika Januari ni kama kuwa na jirani. Hapo hufika saa ya kumpigia binti simu. Wamepatana hivi: kila jioni kabla ya kulala, mama ataje mji aliopo na njia atakayoshika kesho. Siku isiyo na simu, binti atawaita polisi wa jimbo hilo. Ni mapatano mafupi, lakini ndiyo yaliyomfanya binti akubali kufungua mlango na kumwacha aende.

Hatari ya usiku si wezi, ni moto. Gesi ya propeni haishindwi na baridi ya nchi hizo, kwa maana hugeuka hewa hata kwenye digrii 40 chini ya sifuri. Lakini aliyechukua jiko dogo la gesi ya byuteni ataamka asubuhi akute haliwaki, kwani hiyo hukataa karibu na digrii 32 zile zile. Mtungi wa ratili 20 hulisha tanuri dogo la trela kwa siku moja na nusu hivi likiwaka bila kuzimwa. Basi mtu huhesabu. Huzima tanuri, huvaa kofia kitandani, hulala chini ya mablanketi matatu. Walio wajinga huwasha jiko la kupikia wapate joto na kuziba kila tundu, na wengine hawaamki, kwa sababu moto uliokosa hewa hutoa sumu ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mama huyu ana kengele ndogo ya kuitambua sumu hiyo, na juu ya hayo huacha dirisha wazi inchi moja, baridi iwe baridi. Dirisha hilo lina faida nyingine: pumzi ya mtu mmoja usiku kucha hugeuka maji ukutani, na asubuhi godoro huwa limegandamana na ukuta.

Katika Kansas hapana mengi ya kusimulia ila upepo. Katika Oklahoma theluji hupungua, lakini huja jambo baya kuliko theluji: mvua inyeshayo ikiwa maji na kugeuka barafu pale pale inapogusa ardhi. Nyaya za umeme hukatika kwa uzito, na miti hupasuka kwa mlio kama wa bunduki. Siku hiyo haendeshi mtu mwenye trela. Hukaa, hunywa chai, hushona.

Kuvuka Amarillo, katika ncha ya juu ya Texas, nchi ni tambarare kama meza, na trela hupigwa ubavuni. Kila lori linapopita husukuma hewa, kisha huivuta. Mikono huuma kwa kushika usukani. Kutoka hapo njia hupanda pole pole kupita Albuquerque, mpaka mahali palipo na mgawanyo wa maji wa bara zima, zaidi ya futi 7,000 juu ya bahari. Mito ya upande mmoja huelekea Ghuba ya Mexico, na ya upande wa pili huelekea bahari ya Pasifiki.

Katika Flagstaff, mji ulio juu karibu sawa na Limuru, ndipo safari hujaribiwa. Watu hudhani Arizona yote ni jangwa, kumbe Flagstaff ni mji wa misonobari, na ni miongoni mwa miji ya Marekani ipatayo theluji nyingi. Tufani ikija, njia ya kushuka kusini hufungwa. Kutoka hapo hadi kwenye jua ni mwendo wa saa tatu tu, na msafiri anajua hivyo, na mtungi wake umekuwa mwepesi, na kila usiku wa kiwanja cha kulipia hutoa fedha katika mkoba usio na fedha nyingi. Polisi wakifungua njia jioni, walio na haraka huondoka gizani. Mama huyu hungoja mpaka asubuhi, hata kama jirani wa kiwanja anacheka, kwa kuwa yeye akilipindua trela hana nyumba nyingine ya kurudia. Asubuhi jirani yule yule huja na sepetu na kuchimbua theluji kwenye magurudumu yake bila kuombwa.

Njia namba 17 hushuka karibu futi 6,000 katika maili 140 hivi. Dereva hutumia gia ndogo, asichome breki. Misonobari huisha, hufuata vichaka, halafu, karibu na Black Canyon City, huonekana mpungate mkubwa uitwao saguaro, umesimama na mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Huko mtu husimama kando ya njia na kuvua koti.

Quartzsite ni mji wenye wakazi wasiofika 3,000, lakini wakati wa baridi watu huja kwa maelfu mengi, wakatandaza matrela jangwani mpaka macho hayaoni mwisho. Ardhi ni ya serikali kuu. Kwa ada ambayo mwaka wa 2023 ilikuwa dola 180, mtu ameruhusiwa kukaa kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili, fedha ambazo mjini hazilipi chumba hata kwa juma moja. Lakini lazima ajitegemee, hapewi umeme. Pana soko kubwa la mawe ya thamani na vitu vikuukuu, na mchana joto ni kama digrii 65.

Katika makaburi ya mji huo pana kaburi ambalo msomaji wa Wajir au Mandera angelisimamia. Ni piramidi ya mawe, na juu yake pana sanamu ya ngamia ya shaba. Aliyezikwa hapo ni Hadji Ali, mtu wa nchi za Waturuki, ambaye mwaka wa 1856 aliletwa Marekani pamoja na ngamia walionunuliwa na jeshi kwa ajili ya kubeba mizigo jangwani. Wanajeshi waliposhindwa kulitamka jina lake walimwita Hi Jolly. Mwaka wa 1857 ngamia hao walipitishwa nchi ile ile ambayo njia namba 40 inapita leo. Walikuwa wanyama wazuri kwa kazi hiyo, ila nyumbu waliwaogopa na wachungaji wa nyumbu waliwachukia. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ngamia wakauzwa au wakaachiliwa nyikani. Ali hakurudi kwao. Alikufa hapo mwaka wa 1902, na kaburi lilijengewa nguzo mwaka wa 1935. Wageni wa matrela huliona jioni wakati wa matembezi, na wengi hushangaa kwamba mtu wa kwanza kusifiwa katika mji wao wa wasafiri alitoka mbali namna hiyo.

Mama huyu hutafuta nafasi yake, si mbali na wengine wala si karibu mno. Hufungua trela, huweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na humpigia binti yake simu mapema kuliko kawaida. Kisha huenda kujaza tangi, na kwa mara ya kwanza tangu Minneapolis hufungua mfereji wa jikoni. Hutoka upepo, hutoka mate, halafu hutoka maji ya rangi ya waridi. Huyaacha yamwagike ndani ya ndoo, yakipauka kidogo kidogo, mpaka yawe safi. Ndipo huteka birika na kuliinjika.