Kilomita 60 za Mwisho

Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hadi Unguja hukaa angani dakika 20 hivi. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume hadi Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa, ni kilomita zipatazo 60, na gari huchukua saa moja na nusu, pengine zaidi. Kwa hesabu ya muda, basi, safari yenyewe huanza pale tiketi ya ndege inapokwisha. Hata hivyo, tunapojadili utalii tunahesabu ndege zilizotua, vitanda vilivyojengwa na fedha za kigeni zilizoingia. Kilomita hizi za mwisho hatuzihesabu. Katika likizo iliyopita nililazimika kuzinunua, na nimeona ni vema kuwashirikisha wasomaji kile nilichokiona katika ununuzi huo, kwa sababu hakihusu gari peke yake.

Mama yangu amevuka miaka 70, magoti yake yanamsumbua, na bahari anaiogopa tangu utotoni. Boti haikuwa chaguo. Niliposhauriana na mke wangu kuhusu mapumziko ya familia, tulikubaliana tusafiri kwa ndege, na kwamba tutakapotoka nje ya jengo la abiria pawepo mtu anayetungoja, mwenye gari linalojulikana na bei iliyokwisha kukubaliwa. Madereva wa Unguja huiita huduma hii kwa kifupi "transfa". Ni neno dogo lililobeba biashara kubwa.

Nilipata bei tatu kwa safari ileile moja. Ya kwanza ilitoka kwenye tovuti ya kigeni inayounganisha wasafiri na wenye magari duniani kote, nayo iliandikwa kwa yuro. Ya pili ilitoka kwenye nyumba ya wageni tuliyokusudia kufikia. Niliwaandikia kwa Kiingereza, kwa kuwa ukurasa wao ulikuwa wa Kiingereza, wakanijibu kwamba gari ni dola 50, yaani zaidi ya shilingi 120,000 kwa kiwango cha siku ile. Ya tatu ilitoka mahali palepale pa pili. Siku iliyofuata nilipiga simu kuulizia chumba cha chini kwa ajili ya mama, tukazungumza Kiswahili, na katikati ya mazungumzo dada aliyepokea simu akaniambia, bila mimi kuomba, kwamba kwa sisi wenyewe gari ni shilingi 90,000.

Nilikubali bei hiyo ya tatu. Lakini maneno "kwa sisi wenyewe" yalibaki kichwani mwangu. Sikuwa nimeonyesha kitambulisho wala hati yoyote. Kilichonipunguzia bei ni lafudhi.

Naomba nieleweke vizuri. Sipingi mwenyeji kutozwa pungufu ya mgeni. Hifadhi zetu za taifa hutoza viingilio tofauti kwa raia wa Afrika Mashariki na kwa wageni wengine, na hoja yake inaeleweka: raia amekwisha kuchangia kwa kodi, na urithi ni wake. Lakini viwango vile vimetangazwa, vinasomeka na kila mtu, na atakayedhulumiwa anaweza kuvinyooshea kidole. Bei ya transfa haikutangazwa popote. Ilikadiriwa kwa kunisikiliza. Mtanzania aliyekulia ughaibuni, au Mkongomani ambaye Kiswahili chake kina ladha nyingine, angekadiriwa vipi? Tofauti iliyoandikwa ni sera. Tofauti inayokisiwa kwa sikio la anayeuza ni bahati nasibu.

Ipo njia nyingine ya kufika Nungwi, na haki inataka niitaje. Daladala namba 505 hutoka upande wa uwanja wa ndege kwenda mjini, na huko mjini unabadilisha gari kwa daladala namba 116 iendayo Nungwi. Nauli zake zote mbili hazifikii hata sehemu ndogo ya nilicholipa. Kijana mwenye begi moja na muda wa kutosha ataifurahia safari hiyo, na atakiona kisiwa kuliko mimi. Mzee mwenye magoti mabovu na masanduku mawili hawezi. Na kadiri giza linavyoingia, ndivyo magari hayo yanavyopungua. Hilo si tatizo la mgeni peke yake. Uwanja wa ndege unahudumiwa na wafagiaji, wapagazi, walinzi na wahudumu ambao zamu zao haziishi jua likiwaka. Hao nao wana kilomita zao za mwisho, na hakuna anayewasubiri akiwa ameshika kibao chenye majina yao.

Ndege yetu ilikuwa itue saa nane mchana. Ilitua saa kumi. Dereva tulimkuta nje, ameshika karatasi yenye jina langu, amejifunga kitambaa shingoni kwa ajili ya jasho. "Shikamoo, bibi," alimwamkia mama kabla ya kuniangalia mimi. Mama akaitikia, kisha akauliza swali ambalo mimi, pamoja na elimu yangu, sikuwa nimelifikiria: "Mwanangu, uko hapa tangu saa ngapi? Umekula?"

Alikuwa pale tangu saa saba na nusu. Hakuwa amekula.

Barabarani, tulipokwisha kuupita mji na minazi ikaanza kukaribia pande zote mbili, tulizungumza. Nilimwomba ruhusa ya kuandika baadhi ya aliyoniambia bila kumtaja jina, akakubali. Kwanza, yeye si mwajiriwa wa nyumba ile ya wageni. Wanamwita wanapopata mtu. Kati ya shilingi 90,000 nilizokubali, yeye angepewa 60,000. Mafuta ya kwenda na kurudi yangekula kama 30,000. Gari si lake, ni la tajiri, na hesabu ya tajiri siku hiyo ilikuwa 20,000. Zingebaki 10,000, na humo humo itoke ada ya maegesho ya uwanjani, ambayo ilikuwa imeongezeka kwa sababu ya kusubiri.

"Na akija Mzungu wa dola 50?" nilimuuliza.

"Kaka, mimi napata ileile elfu 60. Dola sizioni."

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa, kwamba saa tisa alikuwa na abiria mwingine wa kumpeleka Mji Mkongwe, safari fupi yenye faida nzuri. Ndege yetu ilipochelewa, kazi ile alipewa mwenzake. Nilimuuliza kwa nini asiondoke aende kuifanya, kisha arudi kutuchukua. Akacheka. "Nikiondoka, ninyi mkatoka mkanikosa, wataandika. Wakiandika mara mbili, siitwi tena."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nini hasa nilichokinunua kwa 90,000. Usafiri wenyewe unapatikana kwa nauli ya daladala. Nilichonunua ni uhakika: kwamba gari litakuwepo, kwamba bei haitabadilika tukiwa njiani, kwamba mama hatasimama juani akizungukwa na vijana watano wanaogombea sanduku lake. Uhakika huo ni kitu chema, na sioni haya kuulipia. Lakini uhakika haukuja kwa kuiondoa hatari. Hatari ilihamishwa. Ilitoka mabegani mwangu ikawekwa mabegani mwa dereva. Ndege ikichelewa, mimi nasubiriwa na yeye anasubiri bure. Mgeni akiahirisha safari, mgeni anarudishiwa fedha na dereva anarudi nyumbani na tangi lililopungua. Anayebaki salama kila upande ni yule wa katikati, mwenye simu na jina la mteja. Katika safari yetu, wa katikati alipata 30,000 kwa mazungumzo ya dakika tano. Kwa familia ya dola 50 angepata zaidi ya 60,000, yaani zaidi ya aliyeendesha gari.

Hapa ndipo siasa inapoingia. Katika Kiswahili neno "dola" lina maana mbili: fedha ya Marekani, na mamlaka ya nchi. Katika biashara ya transfa, dola ya kwanza imejaza nafasi iliyoachwa wazi na dola ya pili. Mwaka 2025 zilitolewa kanuni, chini ya Sheria ya Benki Kuu, zinazokataza kutangaza bei za bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni nchini. Ni hatua njema. Lakini kubadili alama iliyo mbele ya tarakimu hakumwambii abiria bei halali ni ipi, wala hakumwambii dereva fungu lake ni lipi. Shilingi nayo inaweza kukisiwa kwa sikio.

Wapo watakaosema kwamba soko liachwe lijipangie. Tuwaulize wenye masoko makubwa kuliko letu. Tangu mwaka 2016 jiji la Paris lina nauli maalumu ya teksi kati ya uwanja wa Charles de Gaulle na jiji lenyewe, moja kwa kila upande wa mto Seine, na dereva haruhusiwi kuizidisha. New York ina nauli moja inayojulikana kati ya uwanja wa JFK na Manhattan. Nchi hizo si za kijamaa. Zimetambua tu kwamba mtu aliyetoka ndegeni usiku, akiwa na mizigo na watoto waliochoka, hana nguvu ya kupatana bei, na kwamba mlango wa nchi si mahali pa kumpima mtu kwa uchovu wake.

Wala sisemi kwamba jambo hili ni jepesi. Tanzania Bara tuna somo la karibuni. Mwaka 2022 mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, ilipanga nauli za teksi za mtandao na kupunguza kamisheni ya kampuni hadi asilimia 15. Kampuni ya Uber ikasimamisha huduma nchini. Mwaka uliofuata ikarejea, baada ya kiwango cha kamisheni kupandishwa. Katika miezi ile ya mvutano, walioumia ni madereva waliokuwa wamekopa magari kwa kutegemea kazi hiyo. Mamlaka ile haina kazi Zanzibar, kwa sababu usafiri wa ndani si jambo la Muungano. Lakini somo linavuka bahari: amri isiyomshirikisha anayeshika usukani inaweza kumwangusha yuleyule iliyokusudia kumwinua.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu, na ninayaandika nikiwafikiria watumishi wa umma wanaosoma hapa, ambao najua ni wengi.

La kwanza: bango kubwa ndani ya jengo la abiria, mahali mizigo inapochukuliwa, lenye nauli za teksi na magari ya kukodi kwenda Mji Mkongwe, Nungwi, Kiwengwa, Paje na kwingineko. Liandikwe kwa shilingi, kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni. Ikiwa mwenyeji atatozwa pungufu, iandikwe hivyo, na sababu yake iandikwe. Bango kama hilo halihitaji mkopo wa benki ya kimataifa.

La pili: yeyote anayeuza transfa kwa niaba ya dereva, iwe hoteli, wakala au tovuti, amwonyeshe dereva na abiria mgawanyo wa fedha, na amlipe dereva muda wa kusubiri. Madereva washirikishwe katika kupanga viwango hivyo kupitia vyama vyao wenyewe, wasiitwe tu siku ya kutangaziwa.

La tatu, ambalo ni gumu zaidi: basi la umma linalotoka uwanja wa ndege hadi vijiji vya kaskazini na mashariki bila kubadilisha gari, lenye nafasi ya mizigo na ngazi ambayo mzee anaweza kuipanda, likitembea hadi zamu ya mwisho ya uwanja inapokwisha. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar yenyewe husema kwamba utalii ndio mhimili wa uchumi wa visiwa. Mhimili huo unaweza kubeba gharama ya mabasi machache.

Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara waanzie wapi kufanya utafiti wa uchumi wa siasa, wakidhani lazima waanzie kwenye bajeti kuu au mikataba ya madini. Waanzie pia kwenye kitu kimoja kidogo kinachouzwa kila siku. Waulize bei yake kwa lugha mbili. Waifuate fedha kutoka mkononi mwa mnunuzi hadi kwa mtu wa mwisho anayeigusa, na waandike kila anayekata fungu na kazi aliyoifanya. Kisha waulize swali la mama yangu, ambalo halimo katika vitabu vingi vya uchumi nilivyovisoma: anayetoa huduma hii yuko hapa tangu saa ngapi, na amekula?