Arabuni ya Ukumbi



Marehemu baba yangu alikuwa mpishi wa halua mtaa wa Malindi, Unguja. Daftari lake la maagizo ninalo mpaka leo, limeliwa pembeni na wadudu. Katika ukurasa wa Shaaban 1383, yaani Januari 1964, umo mstari huu: halua ya harusi, masinia matatu, arabuni shilingi 60. Daftari zima limeandikwa kwa wino mweusi, lakini mstari huo umekatwa kwa wino wa buluu. Habari ya wino huo nitaieleza baadaye. Kwanza nieleze kilichonifanya nilitoe daftari sandukuni.

Harusi ya binti yangu wa mwisho ilipangwa usiku wa Alhamisi, mwezi wa Rajab, katika ukumbi mmoja wa Seeb. Kodi ilikuwa riali 900, nami nilitanguliza arabuni ya riali 350 miezi sita kabla. Mwenye ukumbi ni mtu wa kwetu. Baba yake na baba yangu walikaa baraza moja. Kwa sababu hiyo sikutazama ukumbi mwengine.

Zilipobaki siku kumi na tisa, ukaja ujumbe katika simu: ukumbi umeingia matengenezo, tunaomba radhi, tutakupeni tarehe nyengine baada ya Idi. Juu ya fedha, hapana neno. Jamaa wa Dar es Salaam, Unguja na Leicester walikwisha kukata tiketi. Binti yangu hakulia. Aliingia chumbani akafunga mlango, na hilo likaniuma zaidi.

Nilipopiga simu, msimamizi alinijibu kwa adabu, "Ami, arabuni hairudishwi. Imeandikwa katika karatasi." Nikamwambia vyema, nitaisoma.

Nimekuwa karani wa masijala kwa miaka thelathini na mmoja, na kusoma karatasi ndiyo kazi pekee niliyowahi kuijua. Masharti yalikuwa sita, kwa Kiarabu. La nne lilisema kwamba *mustaajir*, yaani mpangaji, akivunja mapatano, arabuni haitarudishwa. Mpangaji ni mimi, na mimi sikuvunja kitu. Juu ya mwenye ukumbi akivunja yeye, karatasi ilinyamaza.

Neno hili arabuni tumelirithi kutoka Kiarabu, *arbun*, na wanazuoni wamelijadili tangu zamani. Wafuasi wa Abu Hanifa, Malik na Shafii hawakuikubali biashara ambayo mnunuzi akijitoa muuzaji hubaki na kitangulizi chake. Mahanbali waliikubali, wakitaja nyumba iliyonunuliwa Makka kwa Safwan bin Umayya ili iwe gereza katika zama za Sayyidna Umar. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lilipokutana Brunei mwaka 1993, liliiruhusu kwa sharti muda uwekwe. Lakini tazameni vizuri: ubishi wote huo ni juu ya mnunuzi anayejitoa. Muuzaji akijitoa mwenyewe hana mlango wa kuzuia fedha za watu. Sheria ya madai ya Misri ya mwaka 1948 imekwenda mbali zaidi: aliyepokea arabuni akivunja, hurudisha mara mbili.

Hayo yalikuwa mepesi. Zito lilikuwa nyumbani.

"Bwana, mwache," alisema mama watoto. "Riali hizi zitatutenga na watu wa kwetu." Shemeji yangu naye akasema, "Sisi kwa sisi hatupelekani serikalini." Maneno haya nimeyasikia tangu utotoni, na nimegundua kwamba huambiwa anayedai tu. Sijapata kusikia anayedaiwa akiambiwa, "Sisi kwa sisi, mlipe mwenzio."

Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nakala mbili. Nilitaja tarehe ya mapatano, kiasi, nambari ya hawala ya benki na siku walipovunja. Niliandika pia kwamba tarehe nyengine siikubali. Hili msilidharau, kwani ningelinyamazia wangeweza kusema nimeridhia kuahirisha. Nikawapa siku kumi na nne, na nakala ya pili nikaomba itiwe saini ya kupokelewa. Msimamizi alisita, kisha akatia.

Harusi tukaifanya Barka, katika shamba la shemeji yule yule, chini ya hema. Usiku ulikuwa wa baridi, na bibi wawili wakajifunika shali moja. Hema na viti vilinigharimu kuliko nilivyokadiria.

Siku kumi na nne zikapita kimya. Nikachukua jalada langu nikaenda mamlaka ya kuwalinda watumiaji, maana ipo sheria hapa Oman tangu mwaka 2014 inayohusu aliyelipia huduma asipewe. Kijana aliyenipokea alisoma karatasi zote bila ya kuinua kichwa, kisha akampigia simu mwenye ukumbi mbele yangu. Wiki ya pili yake riali 350 ziliingia katika hesabu yangu, hazikuzidi wala hazikupungua. Mkwe wangu alitaka nidai na gharama za hema. Nikamwambia hiyo nimeisamehe. Nakiri kuwa sikusamehe kwa wema mtupu, nilikuwa nimechoka.

Sasa ule wino wa buluu.

Halua ile ya 1964 haikupikwa. Sukari na samli vilikwisha kununuliwa, lakini Jumapili ya tarehe 12 Januari yakaja Mapinduzi, na wenye harusi wakaondoka Unguja. Hapana aliyerudi kudai shilingi 60. Sisi tulifika Maskati mwaka 1974. Miaka miwili baadaye baba alipata habari kwamba ami wa yule bibi harusi anakaa Matrah. Akanichukua tukaenda. Kwa hesabu ya siku zile shilingi 60 hazikufika riali tatu. Baba alitoa tano.

Mwenye nyumba alikataa. "Yale yalikuwa ya ulimwengu, Sheikh. Si yako."

"Halua sikupika," alisema baba. Akaziweka mkekani, akavaa viatu. Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, nimesimama mlangoni, nikiona haya. Nyumbani siku ile tulikuwa na deni dukani, na riali tano zilikuwa chakula cha siku nyingi. Nilimkasirikia njia nzima. Usiku aliomba kalamu, na kalamu iliyokuwepo ilikuwa yangu ya skuli, ya buluu.

Mwezi uliopita tulikutana katika hitma, mimi na mwenye ukumbi. Alinipa mkono bila ya kunitazama usoni. Lakini mama yake, ambaye alikuwa shoga wa marehemu mama yangu, alimpa mke wangu bakuli la halua aje nalo nyumbani. Hakusema neno. Tumeila, na ilikuwa nzuri. Bakuli bado liko jikoni. Mama watoto anasema chombo cha watu hakirudi kitupu, na mpaka leo hatujakubaliana tutie nini.