Akili Bandia Katika Chumba cha Walimu

Ndugu walimu wenzangu, kila chombo kipya kiingiapo mahali pa kazi hupokewa na watu wa namna mbili: wanaokishangilia kabla ya kukijua, na wanaokikataa kabla ya kukijaribu. Wakubwa wa kazi huwapenda wale wa kwanza, na wale wa pili huwaita wapinga maendeleo. Katika makala haya nakusudia kuwatetea hao wa pili, ingawa nilikuwa katika kamati iliyopewa kazi ya kuwashawishi. Nadai ya kwamba mfanyakazi anayeikataa mashine mara nyingi ana hoja ambayo bila hiyo mashine haitatumika vyema, na kwamba asiposikilizwa hasara ni ya wote.

Tuanze na jina lenyewe. Chombo hiki Tanzania huitwa zaidi akili mnemba. Wengi wa Kenya, nasi huku Uganda, husema akili bandia. Wapo pia waliopendekeza akili unde. Bandia ni kitu kilichotengenezwa kwa kuiga cha asili, lakini sokoni neno hilo lina sifa mbaya. Twasikia kila siku habari za noti bandia, dawa bandia na mbegu bandia. Basi siku mwalimu mkuu wetu alipotangaza mkutanoni kwamba kuanzia muhula uliofuata maazimio ya kazi na maandalio ya masomo yatatayarishwa kwa msaada wa akili bandia, mzee mmoja wa idara ya lugha aliinuka akauliza: "Bwana Mkuu, mtu akiwa na cheti bandia hufungwa. Akili bandia mbona twaamriwa kuitumia?" Watu walicheka, lakini mkutano ulikwisha bila makubaliano. Muhula ulipoanza, walimu waliotii amri walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Hapo ndipo ilipoundwa kamati yetu ya watu watatu. Tuliona kwamba hotuba zimekwisha tolewa za kutosha, kwa hiyo tukaamua kumwendea kila mwalimu peke yake na kumwuliza swali moja: "Unaogopa kupoteza nini?"

Majibu yalikuwa ya namna nne. La kwanza lilihusu mkate. Baadhi ya walimu wetu hawamo katika orodha ya serikali. Hulipwa na bodi ya shule kutokana na michango ya wazazi. Mmoja alituambia waziwazi, "Ikiwa mashine inaweza kutayarisha somo, mwakani watasema mwalimu mmoja atosha madarasa manne." La pili lilihusu gharama. Vifurushi vya intaneti hununuliwa kwa fedha ya mwalimu mwenyewe, na juu yake ipo kodi ya asilimia 12 iliyowekwa Julai 2021. La tatu lilihusu heshima: yule mzee ana madaftari ya maandalio aliyoyakusanya kwa miaka mingi, na aliiona ile amri kama hukumu kwamba yote hayo ni takataka. La nne lilihusu wanafunzi. Katika mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, tathmini endelevu huchangia asilimia 20 ya matokeo. Walimu waliuliza: tutampa alama mwanafunzi, au tutaipa alama mashine aliyoitumia likizoni kwa simu ya kaka yake?

Tazameni, ndugu zangu, kwamba hapana hata jibu moja lililotokana na woga wa teknolojia. Walimu hao hao hutuma na kupokea fedha kwa simu kila siku, wala hawakuhitaji semina ili wajifunze. Waliikubali simu ya fedha kwa sababu ilipunguza shida yao wenyewe. Akili bandia ililetwa ili ipunguze shida ya mtu mwingine, na wao ndio walioambiwa walipe gharama.

Sisi wa Kiswahili tunayo historia ya karibu ya kutufundisha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kuusimamia usanifishaji huo. Waliokalia viti mwanzoni walikuwa maofisa wa serikali za kikoloni na wamisionari. Leo sote twafundisha kwa Kiswahili Sanifu, na faida yake haina mjadala. Hata hivyo malalamiko ya wenye lahaja za Mombasa na Lamu yamedumu vizazi na vizazi, kwa sababu wenye lugha walipelekewa uamuzi ukiwa umekwisha pikwa. Jambo laweza kuwa na manufaa, na bado likaacha kovu kwa namna lilivyoletwa.

Tulimrudia yule mzee, naye akatupokea kwa uso mkavu. Tukamwambia, "Mzee, hatukuombi uitumie. Twakuomba uisahihishe." Alinyamaza kidogo, kisha akaitafuta kalamu yake nyekundu.

Tuliitaka mashine itayarishe somo la methali kwa kidato cha tatu, na maelezo mafupi juu ya riwaya ya Utengano. Mzee akasahihisha kama asahihishavyo daftari la mwanafunzi yeyote. Upatanisho wa kisarufi aliusifu. Ulikuwa safi kuliko wa wengi wa darasani kwake. Kisha wino ukaanza kumwagika. Jambo fulani, eti, "linacheza jukumu muhimu". Mwalimu alishauriwa "kuvunja barafu" mwanzoni mwa kipindi, mbele ya watoto ambao barafu waijua ya kupozea soda tu. Ilitajwa methali ambayo hapana mzee yeyote aliyepata kuisikia, nayo ikafafanuliwa kwa ujasiri mkubwa. Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotolewa mwaka 1980, ilipewa mwandishi mwingine. Mwisho mzee akaandika: "11 kwa 20. Ana maneno mengi. Asome zaidi na aache kudanganya."

Makosa hayo yana asili yake. Mashine ya namna hii hujengwa kwa kulishwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukadiria neno lielekealo kufuata jingine. Maandishi ya Kiingereza iliyolishwa ni bahari. Ya Kiswahili ni kisima. Ndiyo maana mara nyingi huvaa kanzu ya Kiswahili juu ya mifupa ya Kiingereza. Tena, pasipo na habari, haishindwi kuunda sentensi inayofanana na habari. Waliopuuza tabia hiyo wamekwisha aibika: Juni 2023, huko New York, mahakama iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizobuniwa na mashine kana kwamba zilipata kuamuliwa.

Karatasi ya mzee ilibandikwa ukutani katika chumba cha walimu, na mazungumzo yakabadilika siku hiyo hiyo. Mwalimu wa historia alitaka naye kuisahihisha, kisha wa kemia. Nadhani sababu ni nyepesi: awali walimu waliambiwa wawe wanafunzi wa mashine, sasa walikuwa wasahihishaji wake, na hiyo ndiyo kazi waliyosomea.

Kutokana na yale majibu manne tulipata masharti, nayo yakaandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Shule itanunua kifurushi kwa kompyuta moja ya chumba cha walimu. Andiko lolote la mashine halitaingia darasani bila mwalimu kulisahihisha na kutia sahihi. Majina na alama za wanafunzi hazitaingizwa humo, kwa kuwa ipo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Kila mwanafunzi atautetea mradi wake kwa mdomo mbele ya mwalimu. Kuhusu mkate, bodi ilikubali kwamba hapana mwalimu atakayepunguziwa vipindi kwa sababu ya mashine, lakini iliahidi hivyo kwa mwaka mmoja tu. Sitaficha kwamba hofu ya wale wenzetu haijaisha, na kwamba wana haki ya kuendelea kuuliza.

Leo walimu wengi wetu huitumia kutunga mazoezi ya viwango mbalimbali kwa darasa moja, kazi iliyokuwa ikila jioni nzima. Wapo wasioigusa, na hatuwasumbui. Yule mzee haitumii kabisa, lakini kila andiko la Kiswahili litokalo humo hupita mezani kwake kwanza.

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema apewe shamba. Aijuaye mipaka ya shamba ni mwenyeji, naye ndiye amwonyeshaye mgeni pa kulima na pa kutokanyaga. Naomba basi kila tawi la chama chetu likae jioni moja, liisahihishe mashine hii kwa kalamu nyekundu, na lituletee makosa liliyoyaona yakusanywe katika jarida hili. Na aliye mbishi kuliko wote katika tawi lenu, huyo mpeni kalamu kwanza.