Buruma la Mina: Uzuri wa Isfahan na Swali la Nyumbani



Msafiri aingiaye Isfahan huelekezwa kwanza kwenye uwanja wa Naqsh-e Jahan, uliojengwa na Shah Abbas baada ya kuufanya mji huo makao makuu ya Uajemi mwaka 1598. Nasi, mimi na mama watoto, tulianzia hapo. Tuliuona Msikiti wa Sheikh Lutfullah, kisha tukazunguka maduka ya pembezoni, na kwa mafundi wa mina miguu yetu ikanasa.

Mina ni kioo kilichosagwa kikawa unga na kutiwa rangi kwa madini: kobalti kwa buluu, shaba kwa kijani. Fundi huupaka unga huo juu ya chombo cha shaba, kisha hukitia tanuuni penye moto upitao nyuzi 700, kioo kikayeyuka na kushikamana na chombo. Rangi ikiongezwa, chombo hurudi motoni. Enyi mlio na bakuli za bati za maua jikoni, kazi hii si ngeni kwenu, kwani bati hizo nazo zimevishwa kioo kwa moto.

Katika duka la vitu vya kale, muuzaji alitutolea bori la buruma, ambalo Waajemi huliita kichwa cha qalyan. Alisema ni la zama za wafalme wa Kiqajari, karne ya 19. Lilitosha kiganjani, nalo limejaa waridi, ndege na nyuso za wanawake wenye nyusi zilizoungana. Wazee wetu wa pwani nao walikijua chombo hiki, na kila kiungo walikipa jina: bori la tumbaku, digali, shilamu ya kuvutia, na kiko cha maji kilichokuwa kifuu cha nazi. Hata jina nargile asili yake ni nazi.

Nilitaka kulinunua niliweke kabatini. Mke wangu akalishika, akalisifu, kisha akauliza taratibu, “Mwenzangu, mtoto akiliona kwako, tutamwambia nini?”

Nilinyamaza. Kabla ya safari, kitindamimba wetu alirudi usiku akinukia shisha. Nilipomkemea alijibu kuwa ni maji na matunda tu. Serikali yetu iliipiga marufuku mwaka 2017, na bado vijana huijua njia yake. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa kikao cha saa moja humvutisha mtu moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja, na maji hayaiondoi sumu. Ladha ya tufaha hufanya kazi ileile ya waridi wa mina: humsahaulisha mtu kilichomo ndani.

Nikakumbuka kisa cha nchi ile ile. Mwaka 1890, Shah Nasir al-Din alimpa Mwingereza, Meja Talbot, haki ya peke yake juu ya tumbaku yote ya Uajemi. Desemba 1891 ikatangazwa fatwa kwa jina la Mirza Hasan Shirazi, mwanachuoni mkubwa wa Kishia, kwamba kuivuta wakati ule ni haramu. Watu wakaacha. Husimuliwa kuwa hata ndani ya kasri, wake wa Shah waliyaweka kando maburuma yao. Januari 1892 mkataba ukafutwa.

Basi nililirudisha bori, tukanunua kisahani cha mina. Dini yetu haikatai uzuri. Hutuuliza uzuri huo unatumikia nini.

Nyumbani, kijana alikisifu kisahani. Sikumkemea tena, nilimketisha nikamsimulia habari za wanawake wale. Alisikiliza mpaka mwisho. Hajaniambia kama ameacha, nami kila usiku namuombea. Niombeeni wangu, nami nawaombea wenu.

Wabillahi tawfiq.