Je, Mshahara Mdogo Watosha Gharama za Nyumbani?

Kila mwisho wa mwezi, watu wa mshahara wakutanapo hapana neno lizungumzwalo zaidi kuliko hili. Wako wasemao kwamba mshahara mdogo watosha, maadamu mtu ana akili ya kuutumia, na ya kwamba walalamikao ni wale wapendao anasa. Wako pia wasemao kwamba hautoshi hata mtu ajibane namna gani. Kila upande una mashahidi wake, na kila shahidi ni mtu mkweli. Kwa hiyo yafaa neno hili lipimwe kwa hesabu wala si kwa sauti kubwa. Na mahali pazuri pa kulipimia si mji mkubwa, bali ni kijiji kama Nanighi.

Nanighi iko kando ya Mto Tana, juu kidogo ya Bura, na watu wake wengi ni wafugaji na wakulima. Wenye kazi ya mshahara huko ni wachache: tarishi, mpishi wa shule, mlinzi, kibarua, na karani mmoja mmoja. Mtu wa mjini akiwatazama hawa huwaona kuwa ni watu wa raha. Husema, "Hawalipi kodi ya nyumba, hawapandi gari kwenda kazini, maziwa wanayo na mahindi wanayo. Shilingi yao moja ni sawa na mbili za kwetu."

Sheria nayo imefuata mawazo hayo hayo. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka mafungu matatu kwa kazi ile ile. Tarishi au kibarua wa kawaida katika Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru aliwekewa kima cha chini cha shilingi 15,201.65 kwa mwezi. Mwenzake wa mahali pasipo mji, kama vile Nanighi, aliwekewa shilingi 8,109.90. Juu ya hayo, asiyepewa nyumba na tajiri wake hupata posho ya nyumba. Tarehe 1 Novemba 2024 vima hivyo viliongezwa asilimia 6, ambayo kwa mtu wa fungu la mwisho haikufika shilingi 500. Basi mtu wa kijijini huhesabiwa kuwa mahitaji yake ni nusu tu ya mahitaji ya mtu wa mjini.

Sasa na atazamwe tarishi wa mfano, mwenye mke na watoto wanne. Shilingi 8,109.90 zikigawanywa kwa siku thelathini ni shilingi 270 na senti chache kwa siku. Watu sita wakila ugali, pakiti moja ya unga ya kilo mbili ni chakula chao cha siku moja. Katikati ya mwaka 2022 bei ya pakiti hiyo ilipita shilingi 200, hata mwezi wa Julai Serikali ikaagiza iuzwe shilingi 100 kwa muda wa wiki chache. Hata ikihesabiwa shilingi 200 kamili, unga peke yake wamaliza shilingi 6,000 kwa mwezi. Zinazobaki ni 2,109.90, yaani shilingi 70 kwa siku. Katika hizo sabini mna mafuta ya kupikia, chumvi, sukari, majani ya chai, mboga, sabuni, nguo, kalamu na daftari za watoto, na dawa ya homa. Bwana huyu hajanywa pombe, hajavuta sigara, wala hajanunua redio. Hajafanya kosa lo lote, na fedha zimekwisha.

Yaweza kusemwa kwamba bei za kijijini ni nafuu. Ni kweli kwa maziwa wakati wa malisho, na kwa maembe na ndizi katika msimu wake. Lakini sukari, sabuni, mafuta na unga wa pakiti havioti Nanighi. Huja kwa lori kutoka mbali, na kila maili ya barabara hulipwa na mnunuzi wa mwisho. Mnamo Novemba 2023, na tena Aprili 2024, mto ulipofurika na maji kuifunika barabara kati ya Garissa na Madogo, kila mtu wa sehemu zile aliona jinsi duka linavyotegemea njia. Tena mwenye mshahara mdogo hununua kidogo kidogo: sukari ya kupima leo, mafuta ya kupima kesho. Anunuaye gunia hulipa bei ya gunia, lakini anunuaye kibaba hulipa bei ya kibaba, ambayo kila mara ni ghali zaidi. Kwa njia hiyo maskini humnunulia tajiri unafuu wake.

Hata hivyo watu wa Nanighi waishi, na wengi wao hawalali njaa. Hapo ndipo wasemao "watosha" hupata nguvu. Lakini yafaa waulizwe: ni nini kinachowalisha watu hao? Si mshahara. Ni mke aamkaye alfajiri kwenda kulima ukingoni mwa mto. Ni mama mzee mwenye mbuzi watatu. Ni ndugu mwenye ng'ombe aletaye maziwa bila kuandika deni. Hawa wote wamlipia tajiri sehemu ya mshahara wa tarishi wake, ingawa majina yao hayamo katika karatasi yo yote ya ofisi. Mshahara mdogo una mshirika asiyeandikwa, na mshirika huyo ni shamba.

Jambo hili si geni katika Kenya. Katika siku za ukoloni mishahara ilipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke, kwa hoja kwamba mkewe na watoto walilishwa na shamba la nyumbani. Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 wa Mombasa waligoma, na moja katika sababu kubwa ilikuwa mshahara usiolingana na bei za vitu. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter, Kamishna wa Kazi, ilitoa taarifa yake juu ya mishahara ya Waafrika. Iliona kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa makampuni mijini, na karibu robo ya wale wa serikali, walilipwa mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya mtu mmoja. Kamati ikashauri kwamba mshahara upimwe kwa mahitaji ya mtu na jamaa yake, na ufike polepole mara mbili na nusu ya ule wa mtu mmoja. Ushauri huo ulikuwa wa watu wa Serikali yenyewe, si wa wachochezi. Hesabu ya mtu mmoja ikakataliwa kwa maneno. Lakini hesabu ya shamba lisilolipwa bado imo ndani ya fungu la tatu la mishahara.

Na shamba nalo likikosa, itakuwaje? Jibu liko karibu na Nanighi. Mwaka 1977 Serikali ilipata mkopo wa Benki ya Dunia kwa ajili ya mradi wa kilimo cha maji huko Bura. Wakulima wa kwanza waliingia mwaka 1981, kutoka sehemu mbalimbali za Kenya. Ilikusudiwa familia zipatazo 5,000. Zilizopata makao hazikufika nusu. Maji yalivutwa kutoka mtoni hapo Nanighi kwa pampu za dizeli. Zao la fedha lilikuwa pamba, na kabla mkulima hajapokea fedha yake, zilikatwa gharama za maji, za trekta, za mbegu na za dawa ya wadudu. Watu hawa walikuwa mbali na mashamba ya babu zao na mbali na ndugu wenye ng'ombe. Kipato chao kilibidi kutosha chenyewe. Pampu zilipoharibika, na ziliharibika mara nyingi, pamba ilikauka na mahindi yakakauka, lakini sukari dukani haikushuka bei. Wakulima hao hawakuwa wavivu wala walevi kuliko watu wengine. Walikosa yule mshirika asiyeandikwa, na papo hapo ikadhihirika kwamba kipato kidogo hakikuwahi kutosha.

Wala mkulima wa zamani wa ukingoni hana amani kamili. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa huko juu, kama Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, yamepunguza yale mafuriko ya kawaida yaliyokuwa yakinywesha mashamba. Kisha tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na mifugo mingi ikafa. Baada ya ukame huo yakaja maji ya 2023 na 2024 na kuchukua mazao. Katika miaka hiyo shamba halikuweza kuusaidia mshahara. Mshahara ndio uliotakiwa kuliokoa shamba, kwa kununua mbegu, majani ya mifugo na chakula cha jamaa wote. Tarishi aliyehesabiwa kuwa na watu sita alijikuta na watu kumi na wawili.

Hapo ndipo daftari la mwenye duka huanza kunenepa. Deni la unga la mwezi huu hulipwa na mshahara wa mwezi ujao, na mtu hufanya kazi siku thelathini kwa ajili ya chakula kilichokwisha kuliwa. Mwenye duka naye si mtu mbaya. Akikataa kukopesha, watoto watalala njaa, na akikopesha mno, duka lake litafungwa.

Je, busara ya matumizi haina faida? Ina faida kubwa. Mtu aandikaye kila senti ajua fedha yake inakokwenda. Jirani watano wakichanga na kununua gunia moja wakati wa mavuno, wataepuka bei ya kibaba. Mume na mke wakihesabu pamoja siku ya mshahara, magomvi hupungua. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini lazima pawepo hiyo haba ya kuanzia. Busara yaweza kuzuia shilingi isipotee. Haiwezi kuzaa shilingi ambayo haikulipwa.

Kwa hiyo jibu ni hili. Mshahara mdogo watosha pale tu ambapo mtu mwingine, asiyelipwa, auongezea. Asemaye kwamba watosha na aonyeshe kwanza shamba liko wapi, nani alilimaye, na mvua ilinyesha lini. Tajiri apangapo mshahara wa mtu wa kijijini asihesabu ukimya wake kuwa ni shibe. Na mwenye mshahara, arudipo nyumbani na bahasha yake, na akumbuke kumshukuru yule aliyetia nusu ya pili.